Mizani ya korosho iliyookoa injini ya familia

Saa nane usiku, Machi 2024, mshale wa joto kwenye dashibodi ya Land Cruiser mkonga ulipita katikati, ukagusa alama nyekundu, na baba aliyeshika usukani akalazimika kuzima injini. Walikuwa wametoka Njinjo, Nangurukuru bado mbali. Nyuma, juu ya godoro, alilala mama mjamzito aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Kilwa, Kinyonga, iliyopo Kilwa Kivinje.

Baba huyo alikuwa na miezi miwili tu tangu asajiliwe kuwa dereva wa jamii katika mpango wa M-mama. Katika mpango huo ndugu au mhudumu wa afya hupiga namba 115 bila malipo, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, huitwa dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa.

Alifungua boneti. Mvuke ulimpiga usoni. Alisubiri, akaongeza maji, akawasha. Injini iliunguruma kidogo, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Ndugu wa mgonjwa hakusema neno, alikuwa akimpepea tu kwa kanga.

Baada ya muda wa dakika 40 lilitokea lori la mbao kutoka upande wa Liwale. Mama yule alipandishwa mbele, akaegemezwa, wakaondoka. Alijifungua Kinyonga kabla ya adhana ya alfajiri, yeye na mtoto wakiwa salama. Baba alipata habari hiyo kwa simu akiwa bado amekaa barabarani pembeni ya gari lake.

Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Injini hiyo haikuwa imechakaa. Ilikuwa imejengwa upya miezi sita tu iliyopita.

Ada iliyogeuka pistoni

Familia hii inaishi Nangurukuru, njiapanda ambapo barabara ya Kilwa Masoko inaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Mama ni mfanyabiashara wa korosho. Hununua zilizobanguliwa, hukaanga, hupima na kufunga kwenye pakiti, kisha huwauzia abiria wa mabasi. Baba hubeba abiria na mizigo kwa mkonga huo, gari la mwaka 1996.

Injini yake ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita, ambayo Toyota ilianza kuifunga kwenye magari ya aina hii mwaka 1990. Haina turbo wala kompyuta. Fundi mwenye funguo na akili timamu anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena. Ndiyo maana magari haya bado yanazunguka vijijini kuliko na barabara mbovu.

Septemba 2023 injini ilianza kula oili na kukosa nguvu. Fundi aliyekuwa karibu alisikiliza mlio, akasema, "Mzee, hapa ni pistoni, ringi na gasketi." Hakupima kitu. Baba akampigia dalali wa spea jijini Dar es Salaam, akatumiwa picha za maboksi yenye maandishi ya Kijapani na bei nzuri mno. Akalipa kwa simu. Seti ikaja na basi, bila risiti.

Fedha hizo hazikuwa za gari. Zilikuwa ada ya binti yao mkubwa, aliyepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Baba alimwambia mkewe kwamba fundi amekubali kulipwa kidogo kidogo, na kwamba ada ipo benki.

Ukweli ulijulikana Oktoba, siku mbili kabla ya binti kuripoti chuoni.

"Sikulia kwa ajili ya fedha," anasema mama. "Nililia kwa sababu mwanangu alikuwa ameshafunga begi."

Binti alibaki nyumbani, akawa anamsaidia mama yake kufunga korosho. Baba alijitetea kuwa gari likikaa sawa litarudisha ada ndani ya miezi mitatu. Na kweli gari lilitembea, lakini kila wiki liliongezwa maji, na kila mwezi oili ilipungua. Halafu ukaja usiku ule wa Machi.

Kesho yake baba alimpigia mratibu akaomba aondolewe kwenye orodha ya madereva mpaka gari lipone. Kisha akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka mbele ya mkewe.

"Mama watoto, safari hii nisaidie. Mimi peke yangu nimeshindwa."

Kupima kabla ya kununua

Walimwendea fundi mzee wa Kilwa Masoko. Huyu hakukimbilia kuandika orodha ya spea. Aliomba siku tatu na bakuli la mafuta ya taa.

Alifungua injini, akapanga kila kitu juu ya turubai kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza hadi ya sita. Watoto waliorudi shule wakasogea kuangalia. Aliwafukuza alipoanza kukwangua gasketi kuukuu. Gasketi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa kwa miaka hudhuru mapafu na kusababisha saratani. Yeye alizilowesha maji kwanza ndipo akakwangua.

Kisha alianza kupima. Aliweka rula ya chuma juu ya silinda hedi na kupenyeza vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, akaonyesha mahali hedi lilipopinda. Akapima silinda kwa maikromita juu, katikati na chini. Juu, pale ringi zinaposugua zaidi, zilikuwa zimepanuka na kupoteza uduara wake.

"Shemeji, njoo uone," alimwita mama. Akamshikisha pistoni moja iliyonunuliwa Septemba. Juu yake palikuwa na herufi STD.

Akamweleza kwamba herufi hizo maana yake ni saizi ya kiwandani, na pistoni hiyo hutengenezwa kwa ajili ya silinda ambayo haijalika. Silinda za injini hii zikiwa mpya huwa na kipenyo cha milimita 94. Zikishapanuka, huchongwa na kufungwa pistoni kubwa zaidi, kwa mfano ya kuongeza nusu milimita. Kuweka STD kwenye silinda iliyolika ni sawa na kumvalisha mtoto kiatu cha baba yake. Atatembea, lakini hatafika mbali.

Yaani hata kama pistoni zile zingekuwa halisi kutoka Japan, zisingefaa. Ufeki ulikuwa nusu tu ya kosa. Nusu nyingine ilikuwa kununua dawa kabla ya kipimo.

Mama aliuliza, "Na ufeki wenyewe unaujuaje?"

Fundi alikuna kichwa. Alisema pistoni sita za seti moja zinatakiwa kukaribiana sana kwa uzito, tofauti ya gramu chache tu, la sivyo injini hutetemeka na kuchosha beringi. Ila hakuwa na mizani ya kupimia gramu.

Mama alikuwa nayo. Jioni ile, kwenye meza ambayo hupimia korosho, aliziweka pistoni moja baada ya nyingine na binti akaandika. Nzito kuliko zote iliizidi nyepesi kuliko zote kwa gramu 31.

Kilichokuwa kimeua injini

Kazi kubwa ya fundi mzee ilikuwa kujibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza Septemba: kwa nini injini iliharibika mara ya kwanza?

Jibu lilikuwa kwenye rejeta. Alipoikata ncha, mirija mingi ilikuwa imezibwa na kutu na chumvi. Kwa miaka mingi gari lilijazwa maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Chumvi hula chuma na kuacha magamba.

Tena themostati haikuwepo. Kuna fundi aliyeitoa zamani kwa imani kwamba nchi yetu ni ya joto. Lakini kifaa hicho kina kazi mbili. Huiacha injini ipate joto haraka asubuhi, na katika injini nyingi za aina hii, maji yakishapata moto, hufunga njia ya mkato ili yote yapite kwenye rejeta. Ukikitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupoa. Unadhani umeisaidia injini, kumbe umeinyima pumzi.

Kwa hiyo hata gasketi bora kuliko zote ingeungua tu. Mtoto anayeharisha kila wiki kwa sababu ya maji machafu haponi kwa kubadilishiwa dawa, anapona ukishughulikia maji.

Kulikuwa na habari njema pia. Kranki ilipopimwa ilikutwa bado ndani ya kiwango. Haikuhitaji kuchongwa, ilihitaji kung'arishwa tu na kufungwa beringi za saizi ya kawaida. Dalali wa Septemba alikuwa ameshawaambia kranki lazima ibadilishwe.

Orodha ikaandikwa kwenye daftari la korosho. Mbele ya kila kifaa paliandikwa saizi, na kando yake moja ya herufi mbili: L kwa lazima kiwe cha daraja la kwanza, na M kwa kinachoweza kuwa cha mtumba kilichopimwa.

Kwenye L waliweka pistoni na ringi, gasketi ya hedi, beringi, pampu ya oili, pampu ya maji, themostati, na mkanda wa taimingi pamoja na roli yake ya kukazia. Hivi vikifa, vinaondoka na injini nzima. Mkanda wa taimingi, kwa mfano, ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Ndiyo maana dashibodi ya gari hili ina taa ya T-BELT inayokumbusha kuubadilisha kila kilomita 100,000. Kwenye gari lao taa hiyo ilikuwa imeng'olewa.

Kwenye M waliweka starta, jenereta ya kuchaji betri na vishikio. Hivi vikifa, gari linasimama lakini injini inabaki hai.

Safari ya Gerezani

Mwishoni mwa Aprili, bloku na silinda hedi vilipakiwa kwenye Fuso kwenda Dar es Salaam. Mama alifuata kwa basi, daftari mkobani, mizani imeviringishwa ndani ya kitenge.

Kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa, "Mama, unataka ya Japan au ya kawaida?"

Yeye amekulia kwenye korosho. Anajua gunia likifunguliwa juu huonyesha zile nzuri, ndiyo maana ghalani mpimaji huchoma bambo hadi katikati. Kwa hiyo hakuuliza nchi, aliuliza namba.

Fundi alikuwa amemfundisha kwamba kipuri cha Toyota kina namba ya tarakimu kumi, tano kisha kistari kisha tano. Tano za kwanza hutaja aina ya kifaa: 11115 ni gasketi ya silinda hedi, 13101 ni pistoni, 13011 ni ringi, 16100 ni pampu ya maji. Zinazofuata hutofautisha injini na toleo. Muuzaji mzoefu ukimpa namba ya chesisi huitafuta kwenye katalogi yake, halafu wewe unalinganisha na iliyoandikwa kwenye boksi.

Duka la kwanza walimcheka alipotoa mizani. La pili walimkatalia kufungua boksi. Duka la tatu, mzee mmoja mwenye miwani alimsogezea kiti.

"Pima, mama yangu. Mwenye mali safi haogopi mizani."

Pistoni sita zilitofautiana kwa gramu mbili.

Mzee huyo alimfafanulia kuwa si lazima kila kitu kiwe kwenye boksi la Toyota. Viwanda vya Japan kama Aisin na Denso huitengenezea Toyota vifaa na pia huviuza kwa jina lao, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi. Tatizo ni kwamba majina hayo hayo ndiyo yanayoigwa. Hivyo dawa ni kununua dukani, si kwa picha ya simu, kudai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na kuandikiana kwamba kisipofaa kinarudi. Ukiuziwa bidhaa bandia, risiti hiyo ndiyo utakayokwenda nayo Tume ya Ushindani, FCC.

Kitu kimoja hakukinunua siku hiyo hiyo. Beringi alizinunua baada ya karakana kung'arisha kranki na kuipima tena. Na pistoni alizipeleka karakana kabla silinda hazijaguswa, kwa sababu fundi wa kuchonga huifuata pistoni iliyopo mkononi, si iliyoandikwa kwenye karatasi. Kila silinda ilichongwa kwa pistoni yake, zikapewa namba. Silinda hedi lilijaribiwa kwa presha ya maji kuona kama lina ufa kati ya valvu, ugonjwa unaozipata sana hedi hizi zikizidiwa na joto. Halikuwa na ufa. Likasawazishwa.

Gharama ya vifaa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Septemba. Mama alilipa kwa faida ya msimu wa korosho, na kiasi kingine kwa mkopo wa kikundi chao cha kina mama.

Siku barabara ilipokatika

Bloku lilitangulia kurudi Kilwa. Mama alibaki kusubiri gasketi ya hedi. Aliipata Ijumaa, akapanga kuondoka Jumapili.

Jumamosi, Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika pwani. Mvua iliyofuata ikaikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Malori na mabasi yakapanga foleni kila upande. Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa njia hiyo.

Akiwa kwa ndugu yake Mbagala, mama alipigiwa simu na mumewe. Palikuwa na gasketi Masoko, bei ndogo, boksi linafanana. Fundi yupo, kila kitu kipo tayari. Wakifunga leo, kesho kutwa gari linaingiza fedha, na watu wamekwama, nauli zimepanda.

Mama anakumbuka alinyamaza muda mrefu hadi mumewe akadhani mtandao umekata.

"Bwana, yule mama wa Njinjo umemsahau?"

Gasketi ya Masoko haikununuliwa. Mama alifika Nangurukuru siku kadhaa baadaye, barabara ilipopitika, boksi likiwa mapajani njia nzima. Baba alimpokea stendi. Hakumpa pole ya safari kwanza, alichukua boksi kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Mama anacheka akisimulia hilo.

Alichosema binti

Fundi mzee alifunga injini kwa siku nne. Kabla ya kuingiza pistoni, aliweka kila ringi ndani ya silinda yake na kupima mwanya wa ncha zake. Mbili zilibana mno, akazipiga tupa taratibu. Hata kifaa bora hupimwa, alisema, kwa sababu kiwanda hakikuiona injini yako. Nozeli zilirudi kutoka kwa fundi wa pampu zikiwa zimejaribiwa. Rejeta ikabadilishwa, na ndani yake hayakuingia maji ya kisima bali kulanti.

Gari liliwaka Juni. Kwa kilomita 1,000 za kwanza lilitembea bila mzigo mzito, kisha oili ikamwagwa na kuwekwa mpya.

Lakini si kila kitu kilirudi. Binti alipoteza mwaka mzima. Wenzake aliomaliza nao kidato cha nne walikuwa wakipiga picha na sare nyeupe, yeye akipima korosho. Baba aliwahi kumwomba radhi mbele ya mama yake na wadogo zake, jambo ambalo wazazi wengi wa pwani hulikwepa kwa kuogopa kushuka heshima.

Binti alimjibu kwa upole, "Baba, ungeniambia tu. Ningekuambia uchukue ada, lakini upime kwanza."

Aliripoti chuoni Oktoba 2024. Tangu hapo, kila fedha inayozidi kiwango walichokubaliana haitoki mpaka wazazi wote wawili wameandika kwenye daftari, iwe ya gari, ya korosho au ya shule.

Daftari hilo sasa linaning'inia kwa kamba kwenye mlango wa chumba. Nusu ya kwanza ni kilo za korosho. Nusu ya pili ni kilomita, tarehe ya oili, kiwango cha kulanti. Risiti za Gerezani zimebanwa katikati. Baba alirudi kwenye orodha ya madereva wa jamii, na taa ya T-BELT ina balbu mpya.

Usiku mmoja wa mvua simu iliita tena. Mama alisikia mlango wa mkonga ukifungwa, kisha injini ikawaka kwa mara moja, mlio mzito usiotetemeka. Alibaki macho akiusikiliza ukififia kuelekea Njinjo. Saa kumi na moja kasoro ulirudi.

Asubuhi alikuta mstari mmoja mpya kwenye daftari, kwa mwandiko wa mumewe: tarehe, kilomita, "joto katikati, kulanti haijapungua." Chini yake aliongeza maneno mawili: "Mtoto wa kike."